Moja Hadi Saba

"Futa," alisema Kipyegon, nyapara wa shamba la majani chai, akiwa amesimama mlangoni.

Nyambeki hakusogea. Ukuta wa jikoni mwake ulijaa tarakimu za makaa, na juu kabisa, kubwa kuliko zote: 1,234,567.

Nyuma ya nyapara alikuwa Chepchirchir, jirani wa ukuta mmoja. Ndiye aliyekwenda kumshtaki Nyambeki. Mwaka uliotangulia, 1992, nyumba zilichomwa ng'ambo ya mto, na ghala la kaka yake Chepchirchir likateketea. Tangu hapo Wakisii kama Nyambeki na Wakipsigis kama Chepchirchir, wote wa kambi hiyo ya wachumaji, walichuma chai mbali mbali, kila upande ukiupa mwingine mgongo.

"Hizi ni namba za nyumba za kuchomwa," Chepchirchir alisema. "Ama za watu. Kila jioni anaongeza."

"Ni hesabu ya marehemu," Nyambeki akajibu.

"Marehemu gani?" Kipyegon aliuliza haraka.

"Bwana yangu, Nyakundi. Kifua kilipombana, aliniambia niandike moja hadi saba, zishikane ziwe namba moja. Akaniuliza, ni gani inaigawanya na isibaki kitu? Alienda kabla sijapata."

"Na unaendelea kutafuta?"

"Natafuta. Mbili ikikataa, nne siijaribu, kwa sababu nne ni mbili mara mbili. Najaribu zile ambazo zenyewe hazigawanyiki. Jana nilifika mia moja na kumi na tatu."

Kipyegon alionyesha ukuta kwa kidole. "Basi gawanya tukiona. Kama ni uongo, kesho unatoka kambini."

Nyambeki akaokota kaa. Iliyofuata ilikuwa 127. Katika 1,234 iliingia mara tisa, ikabaki tisini na moja. Saba, ikabaki ishirini na sita. Mbili, ikabaki kumi na mbili. Akashusha saba ya mwisho, na pale chini ikasimama 127 yenyewe. Ikaingia mara moja. Haikubaki kitu.

Aliketi chini ghafla, akajifunika uso kwa leso.

"Imeingia, Baba Velma," alimwambia marehemu mumewe. "Imeingia."

Kipyegon alikuna kidevu. "Mimi naona namba tu," akasema, kisha akaondoka bila kusema kama mama huyu akae au ahame.

Chepchirchir alibaki kizingitini. Alinyoosha kidole kwenye jibu, 9,721.

"Na hii? Hii ni ya nani?"

"Ni mara ambazo 127 imeingia. Sijui kama nayo inagawanyika."

Chepchirchir aliikodolea macho. Akaenda kwake, na komeo likagonga.

Asubuhi ukungu ulilala juu ya chai. Nyambeki alikuwa ameanza kuchuma peke yake aliposikia majani yakisuguana kando. Chepchirchir alikuwa ameingia mstari wa pili, upande wa Wakisii, kikapu mgongoni. Alichuma akiitazama mikono ya Nyambeki, na wote wawili wakasonga mbele, hadi pale ambapo ukungu ulikuwa umeifunika mistari.