Alama ya Kutoa kwenye Ukurasa wa Tisa

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mhadhiri msaidizi alifungua droo ya meza yake akakuta pini ya karatasi zake imehamia kulia. Yeye hubana kushoto. Tangu shule ya msingi hubana kushoto, na mkono wake haujawahi kujisahau. Akazipitia kurasa moja moja: zote kumi na nne zilikuwepo, ila ya tisa ilikuwa imeitangulia ya nane. Droo ile ilikuwa na funguo mbili. Mmoja aliuvaa shingoni, wa pili ulikaa ofisini kwa Profesa, mkuu wa idara ya hisabati.

Kazi yenyewe ilihusu mwendo wa maji katika mabomba ya majengo marefu. Alikuwa ameihangaikia miaka miwili, na mkataba wake ulibakiza miezi minne. Bila makala yenye jina lake kwenye jarida, kamati isingempa ajira ya kudumu, na hilo lilimnyima usingizi.

"Binti yangu, ile kazi imefika wapi?" Profesa alimuuliza koridoni siku hiyohiyo.

"Bado kidogo, Profesa."

"Usijichoshe. Haraka haraka haina baraka."

Mhadhiri msaidizi aliitikia kwa adabu. Moyoni alijiambia kwamba mtu anayekusihi upunguze mwendo huenda yuko nyuma yako anataka kupita.

Jioni alimsimulia mama yake, fundi cherehani, ambaye hakuinua macho kwenye kitambaa.

"Jirani yangu alipokuwa akiniibia mitindo," mama alisema, "nilishona gauni, mkono wa kushoto nikaupunguza inchi mbili, nikalitundika dirishani. Haikupita wiki, wanawake mtaani wanatembea mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi. Kila mtu akajua mwizi ni nani."

"Halafu?"

"Halafu wakazoea. Wengine wakaja kwangu, nao wanataka vilevile."

Binti alishika ile sehemu ya kwanza ya hadithi. Kesho yake aliandika upya ukurasa wa tisa. Kwenye ile nguvu inayoyavuta maji chini, mahali pa alama ya kujumlisha akaweka ya kutoa. Mtu anayekokotoa angeliona kosa hilo mara moja. Anayenakili asingeliona hata angevaa miwani miwili. Akabana kushoto, akafunga. Ijumaa pini ilikuwa kulia.

Makala yalitoka baada ya wiki sita, jina la Profesa likiwa juu, peke yake, na kosa likiwa limetulia mahali pake. Jarida liliingia maktaba saa nne asubuhi. Saa nne na robo, maji ya jengo la hisabati yalianza kupanda. Yalitoka kwenye bomba, yakajikunja, yakaelekea darini, yakatandaa huko kimya kimya. Mhudumu wa usafi alitazama juu, akaenda stoo, akarudi na ngazi na kulabu, akatundika ndoo kifudifudi.

"Mradi yasifike kwenye taa," alisema.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mle ndani yalizoleka vizuri tu, alimradi uwe na ngazi.

Mhadhiri msaidizi alisubiri. Za mwizi ni arobaini, naye alizihesabu zote. Siku ya arobaini kamati ilikutana, maji yakiwa juu ya vichwa vyao. Alisimama ubaoni akawaonyesha rasimu zake za miaka miwili, alama ya kujumlisha kila mahali, kisha ukurasa wa tisa ulioandikwa upya. Chaki haikuteleza.

"Kwa hiyo alama hii ya kutoa uliiandika wewe?" mwenyekiti aliuliza.

"Niliiandika mimi, mwenyekiti. Kama nilivyoandika kurasa zote kumi na nne."

Profesa alitikisa kichwa kwa huzuni. "Binti yangu ni mkweli sana. Kosa ni lake."

Katibu aliandika hilo, akafunga daftari. Siku ya arobaini na moja Profesa aliteuliwa kuongoza kituo kipya cha utafiti wa maji yanayopanda. Mhadhiri msaidizi aliongezewa mkataba wa mwaka mmoja, awe msaidizi wake.

Toleo lililofuata la jarida lilibeba masahihisho, mistari miwili chini kabisa: alama ya kutoa kwenye ukurasa wa tisa ni kosa la msaidizi. Na jina lake, kamili, majina yote matatu. Maandishi yalikuwa madogo mno, na maji hayakushuka. Kamati ilimwandikia kwamba masahihisho hayahesabiwi kuwa makala.

Mama aliukata ukurasa ule kwa mkasi wake wa vitambaa, akaubandika ukutani pembeni ya cherehani, akausoma tena akiwa amesimama.

"Jina wameliandika sawasawa," alisema.

Jumatatu mhadhiri msaidizi alifika kazini saa mbili na dakika kumi. Alipanda ngazi, akachota maji ya chai darini, akashuka, akafungua droo yenye kazi yake mpya. Pini ilikuwa kulia.