Sahihi ya Bernadeta

Nilikata tiketi kwenye kivuko cha Kigongo miaka tisa, na hakuna chuo kinachofundisha kuwajua watu kama kile kidirisha cha tiketi. Nilimjua mwenye haraka ya kweli na mwenye haraka ya kuigiza. Nilimjua dereva aliyeficha abiria watatu chini ya turubai. Kisha daraja likafunguliwa, magari yakawa yanapita juu bila hata kutuangalia, nami nikabaki na sare ya kivuko, diploma ya benki niliyoisomea jioni kwa miaka miwili na nusu, na umri wa miaka thelathini na nne ambao matangazo ya kazi hayakuupenda kabisa. Wote walitaka kijana asiyezidi miaka ishirini na tano, mwenye uzoefu wa miaka mitano. Sijui huyo kijana alianza kazi akiwa darasa la ngapi.

Niliomba mara kumi na saba. Ya kumi na nane nikaitwa. Benki yenyewe siitaji, iko mjini Mwanza na inatosha. Nikapewa kaunta namba tatu na miezi mitatu ya majaribio. Mkuu wa kaunta, Bi Raya, mzaliwa wa hapo hapo mjini, mpole wa sauti na mkali wa kalamu, aliniambia siku ya kwanza, "Sabina, hapa maonyo ni matatu. La tatu tunaagana."

La kwanza nilipata wiki ya pili. Kivukoni, wenye msiba walikuwa wanapita kwanza. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini hata mabasi yaliwapisha. Basi mzee mmoja akanionyesha kwa ishara kwamba ana maiti inasubiri, nikamwita mbele ya watu ishirini na wawili walioshika namba zao mkononi. Mmoja wao akaandika malalamiko ukurasa mzima. Onyo la pili lilikuja nilipotoka kaunta kumsaidia bibi kujaza fomu. Droo ya hela nilikuwa nimeifunga, lakini Bi Raya hakutaka kusikia habari za droo.

Nilienda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kukaa. Kazi hii nilikuwa naitaka. Si kwa ajili ya kiyoyozi, ingawa kiyoyozi ni kizuri. Nilitaka mtu akiniuliza nafanya nini, nijibu neno moja na asiulize tena. Tangu daraja lifunguliwe nilikuwa nimejibu swali hilo kwa maelezo marefu mno.

Ndipo Bernadeta akafariki. Alikuwa mweka hazina wa kikundi cha mama lishe wa Kigongo, wanawake kumi na mmoja waliokuwa wakiuza ugali na sato kwenye foleni ya kivuko. Ndio walionilisha miaka ile yote, mara nyingi kwa mkopo. Walimzika Jumamosi. Benki yetu Jumamosi hufunguliwa hadi mchana, na mimi mwenye maonyo mawili sikuthubutu kuomba ruhusa. Nilituma rambirambi kwa simu. Kwetu huku, ukiwa karibu hivyo halafu ukatuma rambirambi kwa simu, ni bora ungenyamaza tu.

Jumatano iliyofuata, zikiwa zimebaki siku tano miezi yangu mitatu itimie, mashine iliita namba, na aliyekuja kaunta tatu alikuwa Teodora, mwenyekiti wa kikundi chenyewe, ambaye sote tulimwita Mama Precious. Kitenge cha msiba kilikuwa bado kiunoni. Sikufikiri. Nilisimama nikapitisha mkono kwenye upenyo chini ya kioo.

"Shikamoo, Mama Precious. Poleni sana na msiba. Nisamehe, Bernadeta sikumzika."

"Marahaba. Tumeshapoa, mwanangu." Aliniangalia kidogo, kama mtu anayepima jambo. Halafu akasukuma fomu ya kutolea hela.

Ilikuwa milioni sita na laki mbili, akiba yote ya kikundi. Tarehe ilikuwa ya siku hiyo hiyo. Chini kulikuwa na sahihi mbili, ya Teodora na ya Bernadeta.

Nililinganisha na ile iliyo kwenye kompyuta. Ilikuwa yake. Ilitetemeka kidogo, lakini yake.

"Alitia lini hii?" niliuliza kwa sauti ya chini.

"Hospitalini, siku mbili kabla. Mwenyewe aliomba kalamu. Akasema, tarehe mtajaza wenyewe." Aliegemea kioo. "Kuna kibanda ng'ambo, upande wa Busisi, pale yanaposimama mabasi ya Geita. Chenge, mwenye vibanda vya pale, katupa mpaka Jumamosi jioni. Tukikosa hapo, Sabina, sisi tumekwisha. Kigongo hakuna tena anayesimama kula."

Sheria yenyewe ni fupi. Akaunti ya kikundi inalipwa kwa sahihi mbili za watu walio hai. Mmoja akifariki na benki ikajua, sahihi yake haifai tena, hata kama aliitia kwa mkono wake, na akaunti inasimama mpaka kikundi kikae kikao, kichague mwingine, kilete muhtasari wa kikao na barua ya mtendaji wa kata. Mtihani wake nilipata tisini na moja.

Nilitazama pembeni. Muhidin wa kaunta ya pili alikuwa anahesabu noti kwa mashine, hakusikia kitu. Ningegonga muhuri na kulipa, karatasi zingekuwa safi kabisa, na hakuna ambaye angeuliza. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshatoa pole.

"Mama, siwezi kulipa hii."

"Jifanye hujasikia."

"Mimi ndiye niliyesema."

"Basi irudishe hiyo pole yako," Teodora alisema, na macho yakamjaa machozi, "irudishe, unipe hela zetu."

Niliandika, juu ya fomu, kwa kalamu nyekundu: Mtia sahihi amefariki. Teodora alisoma herufi zikiwa kichwa chini upande wake. Sauti yake ilipanda mpaka mlinzi akageuka.

"Tulikulisha sisi! Mshahara ukichelewa ulikuwa unakula kwa nani?"

"Kwenu."

"Sasa umevaa tai unatuona takataka!"

Aliondoka. Watu wote kwenye viti waliniangalia. Niliita namba iliyofuata, na nilimhudumia yule bwana bila kuiona sura yake.

Nilimpelekea Bi Raya fomu mwenyewe. Aliisoma mara mbili.

"Ulijuaje kwamba amefariki?"

"Ni mtu wetu. Nilimpa pole mwenzake kabla sijaona fomu."

"Na ungenyamaza?"

"Nisingeweza, Bi Raya. Mtu kafiwa, unamtazamaje usoni bila kumpa pole? Na ukishampa, unamlipaje kwa sahihi ya marehemu?"

Aliiweka fomu mezani. Nikaona heri nimalize. "Naomba ruhusa ya mchana. Wasipokaa kikao leo, Jumamosi itawapita."

"Una maonyo mawili, unaomba ruhusa?"

"Naomba."

"Kikao huwezi kuendesha wewe, wala muhtasari huwezi kuandika. Wewe ni mfanyakazi wa benki."

"Nitawaambia kinachotakiwa tu."

Alichukua kalamu. "Saa nane ondoka. Kesho saa moja na nusu uwe umekaa kaunta. Ukichelewa, hilo ndilo la tatu."

Nyumbani kwa Bernadeta, kule Kigongo, walikuwa bado wako msibani, magodoro chini, masufuria makubwa nje. Wanawake walinitazama kuanzia viatu kwenda juu. Niliwaamkia wakubwa wote mmoja mmoja, na kuitikiwa niliitikiwa, lakini kwa midomo tu. Suzana, dada mkubwa wa marehemu, hakunikaribisha kukaa.

"Ulizika?"

"Hapana, dada."

"Basi una faini."

Hilo nililijua. Asiyefika kuzika hulipa, ndivyo wanavyoishi. Nilifungua pochi. Suzana akaachia kicheko kisicho na furaha hata kidogo. "Hela zako za benki kaa nazo. Ndoo zile pale. Mapipa mawili yajae."

Nilivua viatu vya benki, nikakunja sketi ya sare niliyoipiga pasi alfajiri nyumbani kwangu Igogo, nikashuka ziwani. Njia ya kupanda ni mawe matupu. Ndoo ya tano shingo ilikuwa inawaka, ya nane nilianza kuwatukana wote kimoyomoyo, Chenge, benki, hata marehemu kidogo, Mungu anisamehe. Hakuna aliyenisaidia. Mapipa yalipojaa nilichukua masufuria nikayasugua kwa majivu. Ndipo mtu akaniletea kigoda.

Niliwaambia kinachotakiwa: kikao, mweka hazina mpya, muhtasari wenye sahihi za wote, kibali cha mazishi, barua ya mtendaji, picha na vitambulisho. Teodora hakuinua macho.

"Hatukai," alisema Odeta, mdogo kuliko wote kikundini. "Kumtoa Bernadeta kwenye nafasi yake na godoro lake bado liko chini? Msiba unaisha Ijumaa. Tutakaa wiki ijayo."

"Wiki ijayo kibanda hakipo!" Nilikasirika kweli sasa, maji yananitiririka mgongoni. "Nani kasema mnamtoa? Aliomba kalamu akiwa anakufa. Nyinyi mnaona alikuwa anaaga? Alikuwa kazini. Nimeikataa sahihi yake leo, na itanikera mpaka naingia kaburini. Sasa nyinyi mnataka kuikataa mara ya pili."

Nilidhani nimejiharibia. Suzana alifunga kanga yake upya.

"Kaeni," alisema. "Lakini msichague wa kurithi. Chagueni wa kumshikia."

Walikaa pale pale kwenye mkeka, mimi nikasogea mbali, nyuma ya masufuria, ili Bi Raya asiwe na la kuniuliza. Walimchagua Odeta. Alilia wakati anatia sahihi.

Kesho yake saa moja na robo nilikuwa nimekaa kaunta, shingo imekakamaa. Siku hiyo mtendaji alikuwa kwenye mkutano wilayani, na Ijumaa alirudi mchana. Karatasi zilifika benki Ijumaa saa tisa na nusu, zimebebwa na Odeta akihema. Bi Raya alizipitia bila kukaa, akazituma makao makuu dakika ile ile. Hakuna aliyejibu. Jumamosi nilipiga simu huko mara nne, mpaka aliyepokea akanijua kwa jina. Akaunti ilifunguliwa Jumatatu saa tatu asubuhi.

Saa nne Bi Raya aliniita akanipa bahasha. Nilikuwa nimethibitishwa kazini. "Yale maonyo mawili yanabaki kwenye faili," alisema, akarudi kwenye kompyuta yake. Sikumbuki nilijibu nini. Nilirudi kaunta, nikaiweka barua kwenye droo, nikaifungua droo, nikaiona, nikaifunga. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, ile ya kutaka kumwambia hata mlinzi.

Wakaja Teodora na Odeta.

"Shikamoo, Mama Precious. Akaunti yenu imefunguliwa. Kibanda..."

"Chenge kampa mwingine. Jumamosi, jua likizama. Tulimpigia magoti." Alisema bila kuninung'unikia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Kasema kuna kingine anajenga, nyuma kule, karibu na vyoo. Mpaka mwezi ujao."

Furaha yote ilinigeuka aibu. Mimi barua yangu nilikuwa nimeipata, imo kwenye droo, imepigwa muhuri, na wao wamekosa. Nilichukua fomu ya kutolea hela nikaipitisha chini ya kioo, maana nilijua walichokuja kufanya. Ningekuwa wao ningehamisha kila senti.

Teodora aliisukuma ikarudi. "Si hiyo. Ya kuweka."

Odeta alifungua kitambaa. Ndani mlikuwa na noti zilizobaki kwenye michango ya msiba, za elfu mbili na za elfu tano, zimenyooshwa kwa mkono.

"Nilidhani mnahama," nilisema.

"Wenzangu walitaka. Jana tumebishana mpaka majirani wakaja." Teodora aliziweka noti mbele yangu, akazipanga kingo ziwe sawa. "Nikawaambia, huyu tumemlisha miaka tisa, na bado katukatalia mchana kweupe, uso kwa uso. Sasa mwizi akija na maneno yake matamu, atapewa nini?"

Nilianza kuhesabu.

"Hesabu vizuri," aliniambia. "Na usinichekee. Bado nimekukasirikia."