Mguu wa Zipora

Kisigino cha Zipora kilikuwa begani kwa wifi yake, Asteria, katikati ya uwanja, mchana kweupe, na kila aliyepita njia ya Samuye alikiona. Alilala chali mkekani, mguu wa pili umenyooka chini, suruali ya mumewe ikichungulia ndani ya khanga. Walikuwa wameanza kwa kulizunguka boma mpaka jasho likawatoka, maana msuli wa baridi haunyooshwi.

"Goti lilegeze kidogo," alisema Asteria. Mkono mmoja ulishika kisigino, mwingine ulitulia pajani, juu kidogo ya goti. "Nasogeza. Msuli ukianza kuvuta, niambie."

Kumwambia ndiko kulikokuwa kugumu. Zipora alikuwa mtu wa kumeza maneno. Aliacha shule darasa la tano bila kumwuliza mwalimu swali hata moja. Mwaka jana, Mwigulu, manju wa kikundi chao cha bugobogobo, ngoma ya kuchezwa na majembe, alipomlaza chini na kuuegemea mguu wake kwa uzito wote, aliuma khanga akanyamaza. Mwigulu aliwanyoosha wachezaji kama ngozi ya ng'ombe inavyowambwa kwenye vigingi, na aliyelia aliondolewa mstari wa mbele. Kitu kikakatika nyuma ya paja kama uzi. Alichechemea mpaka mavuno yakapita. Mama wa mazoezi ya viungo hospitalini Kolandoto ndiye aliyemponyesha, akamfundisha Asteria kumsaidia, na kuwasisitizia wote wawili kwamba mwenye amri ni yule anayenyooshwa.

"Hapo," Zipora alinong'ona. "Basi."

Mikono ya Asteria ikatulia. Haikusukuma, haikudundisha. Wakapumua taratibu mpaka paja likalainika lenyewe.

"Mnachuna mbuzi?"

Mwigulu alikuwa ameingia uwanjani, nyuma yake Rosemary, msichana mgeni kikundini.

"Shikamoo, Manju," walisema.

"Marahaba. Kesho tunashindana, nanyi mnabembelezana! Pisha, Asteria."

Akaudaka mguu na kuusukuma. Paja likawaka.

"Basi," alisema Zipora.

"Neno hilo kikundini kwangu halipo." Akaongeza uzito.

"Basi!"

Kuku wakatawanyika. Zipora mwenyewe hakujua sauti ile ilikuwa imejificha wapi miaka yote. Alikunja goti, akauchomoa mguu na kuketi.

"Mguu ni wangu, Manju. Uliukata nikanyamaza. Sinyamazi tena."

Mwigulu alimtazama kama anayetazama ndama aliyejibu. Kisha akalichukua jembe la Zipora la kuchezea, lililoegemea ukuta, akamtupia Rosemary.

"Kesho mbele utakuwa wewe. Huyu abaki na mkeka wake."

Akaondoka bila kugeuka.

Ile nafasi ya mbele Zipora aliiota tangu utotoni. Alisubiri aibu imjie kama kawaida yake, lakini haikuja. Akalala tena chali.

"Mguu wa kushoto, wifi."

"Na kesho?"

"Kesho nitacheza. Jembe la kulimia ninalo, na uwanja hakuufyeka yeye."

Asteria aliangua kicheko, akakishika kisigino.

Rosemary hakuwa ameondoka. Alisimama na jembe lile mkononi, mkono mwingine ukisugua nyuma ya paja lake polepole, mahali palepale.

"Dada Zipora," aliuliza, "ukisema basi, wifi yako anaacha kweli?"

Zipora alijivuta pembeni kumpisha, nusu ya mkeka ikabaki wazi.