Aliyejua Akanyamaza

Benadetha wa Izigo alipoteza watoto wake wote watatu. Nathanael alikwenda vitani Uganda na hakurudi. Protase na Adventina waliondoka na ule ugonjwa ambao watu waliuita Juliana, kabla redio haijawafundisha kusema ukimwi. Hao wawili walizikwa kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba.

Ng'ambo ya ua aliishi Alistidia, mwenye watoto wanne, wote wazima. Wanawake hawa waliketi benchi moja kanisani na kuimba kwaya moja ya akina mama. Jioni Alistidia alipowaita wanawe kula, akitaja jina la kila mmoja, Benadetha aliinuka akafunga dirisha. "Mungu ametulinda," Alistidia alipenda kusema, bila ubaya wowote. Benadetha alisikia: wewe hakukulinda.

Kisha Kokushubila, binti mkubwa wa Alistidia, akapata mchumba. Mchumba alikuja kutoka Bukoba na pikapu, kreti za soda nyuma. Aliitwa Clavery, ana duka la nguo mtaa wa Kashai mjini, na wazazi wa binti waliambiwa hajawahi kuoa. Benadetha alikuwa amebeba sinia la ndizi kuwapelekea wageni. Alipomwona mchumba usoni, alisimama mlangoni.

Alimfahamu. Alipomuuguza Adventina hospitalini Bukoba, kitanda cha jirani alilala mwanamke kijana aliyekonda, upele wa mkanda wa jeshi, ule wa Juliana, umemla ubavu. Mtu huyuhuyu alikuja akasimama miguuni pa kitanda, na mgonjwa akamwita mume wangu. Mwanamke yule alimtangulia Adventina kaburini.

Benadetha aliweka sinia mezani, akawakaribisha wageni. Alichosikia moyoni hakikuwa hofu. Kilikuwa kitu kama kushiba. Alistidia naye aonje, alijisemea.

Jumapili mchungaji alitangaza ndoa, akauliza kama yupo anayejua kizuizi. Alistidia aligeuka akamtabasamia. Benadetha akainamia kitabu cha nyimbo.

Siku hiyo alimkuta mumewe, Aroni, akigeuza kahawa kwenye jamvi. Tangu wamzike Adventina, Aroni hakukanyaga kanisani. Benadetha akamweleza yote.

"Umewaambia?" Aroni aliuliza.

"Sijawaambia."

"Kwa nini?"

"Mungu alijua habari za Protase. Alijua za Adventina. Alijua nani ana ugonjwa, na wanangu wanakwenda kulala wapi. Aliniambia? Alinyamaza. Kama yeye mwenye huruma yote alinyamaza, mimi ni nani nimpigie Alistidia kelele?"

Aroni aliacha kugeuza kahawa. "Unajua kwa nini mimi siendi kusali?"

"Una hasira."

"Siwezi kumwimbia aliyejua akanyamaza. Basi. Labda ana sababu zake, mimi sizijui. Lakini wewe sababu yako naijua, mke wangu. Sasa unataka na wewe nishindwe kukutazama?"

"Wewe humwogopi Mungu. Nani anakulazimisha kumjali mtoto wa Alistidia?"

"Hakuna anayenilazimisha. Yule mtoto atakufa, Benadetha."

Benadetha alikasirika. Alimwonea wivu hata Aroni, ambaye jambo hili lilikuwa jepesi kwake. Akaenda kuchuma maharage, akachuma mpaka mabichi yasiyofaa, kisha akatupa kikapu na kuvuka ua.

Alistidia alikuwa anapima kitambaa cha sare za kwaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, uso ukizidi kukauka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, waitu," Benadetha alijibu kwa heshima.

"Huu ni wivu. Tangu zamani nauona. Wanao wamekufa, unataka na wangu asiolewe."

"Ni wivu," Benadetha alisema. "Kila jioni ukiwaita wanao nakuchukia. Siku ya posa nilifurahi, Alistidia. Nilifurahi! Lakini mtu yule namfahamu."

"Toka kwangu."

Alitoka. Hakuwa amefika kwenye kibanja chake aliposikia mtu anakimbia nyuma. Ni Kokushubila, aliyesikia yote toka jikoni, mikono imejaa unga.

"Mama Protase, huyo mwanamke wa hospitalini alikuwaje?"

"Mrefu. Ana mwanya mpana. Na kovu hapa, juu ya jicho."

Kokushubila aliketi chini palepale njiani. "Picha yake iko chumbani kwa Clavery," alisema. "Aliniambia ni marehemu dada yake."

Wiki hiyo Kokushubila alikwenda Kashai, akamtaka Clavery wapime damu pamoja. Clavery kwanza alicheka, kisha akatukana, kisha hakuonekana tena Izigo. Kreti za soda zilirudishwa. Alistidia alihamia benchi la mbele na hakumsalimia tena Benadetha, hata habari zilipokuja kwamba Clavery amelala kitandani kwa wazazi wake, hawezi kujigeuza.

Kokushubila aliolewa baadaye na mwalimu wa Buhembe. Alipojifungua, alikuja kumwonyesha Benadetha mtoto kabla hajampeleka kwa mama yake. Benadetha alimpokea, akamshika kichwa vizuri. Mtoto alikuwa mzito, ananukia maziwa, na alimkamata kidole asikiachie.

"Amefanana na mama yako," Benadetha alisema, akamrudisha upesi.

Mgeni alipoondoka, Aroni alimkuta mkewe jikoni analia.

"Unajuta kwamba ulisema?"

"Hapana."

"Unamshukuru Mungu, basi?"

"Sijui kama alihusika." Alijifuta kwa upindo wa kitenge. "Namwonea wivu, Aroni. Namwonea wivu Alistidia kuliko zamani."

Aroni akavuta kigoda, akaketi karibu naye, akaanza kumenya ndizi.