Mengine Mtamalizia Nyumbani

Saa nne na dakika kumi, siku ya Jumanne, mwalimu wa hesabu wa darasa la saba aliandika ubaoni robo tatu gawanya kwa mbili ya tano. Alieleza vizuri, bila haraka, robo tatu ni nini na mbili ya tano ni nini. Alimwita mtoto mmoja achore mkate, akamwita mwingine aukate. Kisha akaweka alama ya sawasawa, akapangusa vumbi la chaki kwenye suruali.

"Mengine mtamalizia nyumbani," alisema.

Watoto hamsini na wanane walifunga madaftari. Sita kati yao walijua kwamba nyumbani maana yake ni nyumbani kwa mwalimu, saa kumi jioni, sebuleni, kwenye meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki. Waliobaki walijua pia, ila hawakuwa na la kufanya.

Dakika mbili baadaye, mitaa minne kutoka shuleni, mama mzazi wa mwalimu alikuwa ameketi uani anamenya viazi. Aliweka kisu chini.

"Sasa geuza sehemu ya pili," alisema kwa sauti ya kusikika. "Ya juu ishuke, ya chini ipande. Alama ya kugawanya iwe ya kuzidisha. Tatu mara tano, kumi na tano. Nne mara mbili, nane. Kumi na tano juu ya nane, ni moja na saba ya nane. Nani hajaelewa?"

Alisubiri kidogo. Hakuna aliyejibu, akaokota kisu na kuendelea na kiazi chake.

Bibi, kama watoto wa tuisheni walivyomwita, hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alihamia kwa mwanawe baada ya kuteguka nyonga, na kwa kuwa hawezi kukaa bure alijipangia kazi za kuketi: kumenya, kuchambua, kukunja nguo. Maneno ya hesabu yalianza kumjia muhula wa kwanza. Mwanzoni yalikuwa machache, akayachukulia kama kwikwi. Baadaye yakawa marefu, na yalipokuja hakuweza hata kumeza mate mpaka yatoke yote.

Upande wa pili wa ukuta wa uani kulikuwa na karo la kufulia la nyumba ya jirani. Hapo alifua dobi, mwanamke mwenye mikono mirefu aliyeacha shule darasa la nne. Alimsikia Bibi wiki nzima kabla ya kutambua kwamba anachosikia ni somo. Binti yake alikuwa darasa hilo hilo la saba, na kila jioni alirudi na daftari lenye hesabu zilizoishia kwenye alama ya sawasawa.

Kuanzia hapo dobi alifua kwa kufuata maneno. Akisugua kola, ya juu ishuke. Akisuuza, ya chini ipande. Jioni, akiwa bado hajavua kanga yenye maji, alimkabidhi binti yake yote kama alivyoyapokea.

"Mimi sijui ni kitu gani," alisema, "lakini amesema geuza sehemu ya pili. Kisha akauliza nani hajaelewa."

"Nimeelewa, mama," binti alijibu, akaandika.

Shuleni wenzake walimwita Kifutio, kwa sababu alifuta jibu mpaka karatasi ikatoboka kabla ya kukubali kwamba limekaa sawa. Wiki ya tatu alipunguza kufuta. Mwalimu alipouliza swali la kigawe kidogo cha shirika, ambalo alikuwa ameliachia njiani makusudi, Kifutio alinyoosha kidole akalimaliza.

"Nani kakufundisha?"

"Mama."

"Mama yako ni mwalimu?"

"Anafua."

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Jioni aliwaketisha watoto wake sita wa tuisheni akawauliza mmoja mmoja nani anatoa siri. Mmoja alilia. Mwingine, mtoto wa mwenye duka la vioo, alisema yeye hata hayo ya tuisheni hayaelewi, atayatoaje?

Jibu alilipata kwa mkewe, aliyekuwa karani wa duka la dawa na siku hiyo alikuwa mapumziko.

"Mama anasema hesabu," alimwambia wakati wa kula. "Nilidhani anaongea na mtu. Saa nne na robo hivi. Pembetatu. Kitako mara kimo, gawanya kwa mbili."

Mwalimu aliacha kutafuna. Asubuhi ile, darasani, alikuwa amefundisha kitako ni kipi na kimo ni kipi.

"Amesema yote?"

"Yote. Kisha akauliza nani hajaelewa. Unavyouliza wewe, na kidole hivi."

Alikwenda chumbani kwa mama yake. Bibi alikuwa kitandani, amejifunika, sauti imekauka kama ya mtu aliyeshinda msibani.

"Mwanangu," alisema, "haya maneno ni ya nani?"

"Ni yangu, mama."

"Basi mbona yananijia mimi?"

"Yatapita. Nitakuletea dawa ya kikohozi."

"Sikohoi," alisema Bibi. Lakini dawa alikunywa, kwa kuwa ililetwa na mwanawe.

Alhamisi alikuja mkaguzi, akaketi nyuma ya darasa na faili magotini. Mwalimu alifundisha asilimia kutoka mwanzo hadi mwisho, na mifano mitatu juu yake. Watoto waliokaa karibu na dirisha walisahau kuchungulia nje. Mkaguzi aliandika ukurasa mzima akaondoka ameridhika. Jioni mke, aliyekuwa mapumziko tena, alisema mama kashinda kimya leo, kala sahani mbili, kaomba na chumvi.

Usiku ulipoingia mume na mke walikaa mezani, kati yao rundo la madaftari ya kusahihisha.

"Si umalizie tu somo huko huko shuleni," mke alisema. Alilisema taratibu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

"Nimalizie, halafu jioni waje kufanya nini?"

"Waje kufanya mazoezi."

"Hakuna mzazi anayeleta mtoto wake kwa ajili ya mazoezi."

Mke alitazama paa. Chumba walichokaa kiliezekwa kwa tuisheni. Mtoto wao wa kwanza alikuwa chuoni kwa tuisheni. Meza yenyewe, na viti.

Hata hivyo mwalimu hakuwa mtu wa moyo mgumu, na mama yake alikuwa amepungua mpaka pete ilimvuka kidoleni. Ijumaa alimaliza somo. Jumatatu alimaliza tena. Alishangaa, si kwa sababu ya mama yake, bali kwa kuona jinsi ilivyo rahisi: zilihitajika dakika kumi na mbili tu zaidi, na kengele ilikuwa haijalia. Watoto hamsini na wanane walinyanyua nyuso kutoka kwenye madaftari karibu kwa pamoja. Kifutio alicheka peke yake, kwa raha. Nyumbani Bibi alimsimulia mkwewe habari za ujana wake, kwa sauti yake mwenyewe, na mwalimu aliporudi alimkuta bado anazungumza.

Jumanne walikuja watoto wanne mezani. Mwenye duka la vioo alipiga simu.

"Mwalimu, mtoto anasema kila kitu wameshafundishwa darasani. Sasa mimi huku nambakisha kwa lipi?"

"Kuna marudio," alisema mwalimu.

"Marudio hata mimi nitamfanyisha."

Jumatano, saa nne, mwalimu alichora duara ubaoni, akaonyesha kipenyo, akaonyesha nusu kipenyo. Alisimama muda mrefu kidogo, chaki mkononi. Kisha akasema mengine mtamalizia nyumbani. Mitaa minne kutoka pale, Bibi aliweka chini bakuli la maharage.

Jioni hiyo mwalimu alihamisha kiti cha mama yake kutoka uani kwenda chumba cha ndani, kile kisichopakana na ukuta wa jirani. Alimnunulia redio nzuri, akamwonyesha mkewe namna ya kuiwasha kabla ya kwenda kazini, na sauti iwe wapi. Bibi hakukataa. Aliuliza tu kama viazi atamenyea humo humo.

Watoto wa tuisheni waliporudi kuwa sita walizoea kuingia kumwamkia Bibi kabla ya kuvua mabegi. Mmoja humpelekea glasi ya maji ya vuguvugu, kwa sababu saa kumi koo lake huwa halijatulia. Mtoto wa mwenye duka la vioo, aliyesikia kwamba hesabu humtoka Bibi mdomoni kila asubuhi, alimwomba amweleze tena eneo la duara, akidhani angeeleza vizuri kuliko mwalimu. Bibi alisema yeye hajui, mwanangu, hayo hupita tu.

Dobi alisikia redio. Siku ya kwanza alidhani Bibi anaumwa. Siku ya tano aliacha shuka ndani ya beseni, akafuta mikono, akazunguka hadi mlango wa mbele, akangoja mpaka mwalimu aliporudi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Sikai. Mimi nafua hapo upande wa pili. Nilikuwa namsikia mama." Aliinamia mikono yake, iliyojikunja kwa maji. "Simsikii tena."

"Uani kuna baridi. Nyonga inamsumbua."

"Jua la saa nne ni zuri kwa nyonga."

Mwalimu alihamisha mkoba kutoka bega moja kwenda jingine.

"Mwanao ni yule Kifutio," alisema. "Ana akili. Mlete hapa saa kumi, awe na wenzake."

"Ningeweza ningeshamleta, mwalimu. Naomba tu kile kiti kirudi uani."

"Nitaangalia," alisema mwalimu.

Dobi aliaga kwa adabu. Kiti hakikurudi.

Katikati ya muhula wa mwisho Kifutio alirudia kufuta. Alikuwa na mwanzo wa kila kitu: alijua kasi ni nini, alijua riba inaanzia wapi, alijua mche unasimama vipi. Jioni alimtazama mama yake anapoingia na kanga yenye maji, na mama yake alimwambia kilichotangazwa redioni: bei ya saruji, matokeo ya mpira, salamu za watu kwa watu. Binti aliandika salamu hizo pembeni ya daftari, asije akawa amekosa kitu.

Mtihani ulifanyika kwa siku mbili. Kila swali Kifutio aliliingia kwa mwandiko mzuri, mistari imenyooka, na kila alipofika nusu kalamu ilisimama. Msimamizi, aliyetoka shule nyingine, alidhani mtoto anaumwa akamletea maji. Matokeo yalipobandikwa, alikosa nafasi ya sekondari kwa alama tatu. Alisoma karatasi ukutani mara mbili, akarudi nyumbani, akaanika nguo za watu pamoja na mama yake bila kuambiwa.

Watoto sita walifaulu wote. Shule iliandaa hafla, viti vikapangwa chini ya turubai, na mwalimu wa hesabu akapewa saa ya ukutani iliyofungwa kwa karatasi ya rangi. Mkewe alikuwa mstari wa mbele. Kabla ya kutoka nyumbani alimpeleka Bibi uani apate hewa, kwani chumba cha ndani kilikuwa na joto na siku yenyewe haikuwa ya masomo. Redio hakuiwasha.

"Mwalimu," mwalimu mkuu alisema kwenye kipaza sauti, "hebu tupe siri ya mafanikio haya. Wenzako tujifunze."

Watu walipiga makofi. Mwalimu alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Siri ni juhudi," alisema. "Juhudi, na kuwapenda watoto. Na..."

Alinyamaza. Akashukuru, akarudi kuketi. Makofi yakawa mengi zaidi, maana hotuba ilikuwa fupi.

Uani, Bibi aliacha kukunja nguo.

"Na asubuhi nafundisha nusu," alisema. "Nusu ya pili naiweka. Nina miaka tisa naiweka. Wako niliowaona wanaweza, nikawaona wanakwama, nikafuta ubao. Yule binti wa dobi nilimuona. Nani hajaelewa?"

Upande wa pili wa ukuta maji yaliacha kuchuruzika.

"Nimeelewa, Bibi," alisema dobi.

"Haya," alisema Bibi, akapumua. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumjibu. Akaendelea na shati la mwanawe, akalinyoosha kola kwa kiganja.

Dobi hakwenda kwa mwalimu mkuu. Alimfikiria, akamuona akilini na kipaza sauti chake, akaacha. Alikamua shuka, akaianika, akaipiga pini nne. Wiki iliyofuata alichukua nyumba ya tatu ya kufulia, ya siku za Jumapili. Kifutio akachukua ya nne.

Muhula mpya ulipofunguliwa, dobi alikuja kwa mwalimu saa kumi kasoro, amemshika mkono mtoto wake wa pili, wa darasa la tano, msichana mdogo mwenye soksi zilizolegea. Watoto sita wapya walikuwa wameshaketi. Ndani, Bibi alikuwa anakunywa maji yake ya vuguvugu.

"Nimekuja kumwandikisha huyu," alisema.

Mwalimu alivuta daftari la majina. Aliangalia mikono ya dobi, akaangalia mlango wa chumba cha ndani, akaangalia daftari.

"Habari za tuisheni yetu umezipata kwa nani?" aliuliza, kwa kuwa kila mzazi mpya huulizwa hivyo.

"Kwa mama yako."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Aliandika jina la mtoto kwenye mstari wa saba, akamsogezea kiti, akamwambia mama yake daftari liwe la miraba na kesho wasichelewe, kwani hapa wakishaanza hawarudi nyuma.