Bastola Yangu ya Kwanza na Kibao cha Bure

Kama unafikiria kununua bastola yako ya kwanza ya kulinda nyumba, soma hili kabla hujachukua funguo za gari. Mimi niliishia darasa la nane, na miaka thelathini na minne iliyofuata niliimalizia kwenye kiwanda cha kuchinja nikitundika batamzinga kichwa chini, kwa hiyo sikuandikii kama mtaalamu. Wataalamu nimewasikia. Ndio waliotufikisha hapa.

Mke wangu Loretta alianguka jikoni Februari ya mwaka juzi, saa nne asubuhi, akikoroga maharage. Nikapiga simu ya dharura. Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika hamsini na tatu, kwa sababu madiwani wa kaunti walikuwa wamefunga kituo cha bonde letu wakaacha gari moja tu, lile la mjini, maili thelathini na moja kutoka kwangu. Waliliita jambo hilo kuboresha huduma. Loretta hakuwa na dakika hamsini na tatu.

Mwaka uliofuata wakaboresha na polisi. Askari sita wakabaki wawili. Haukupita mwezi, mtu akavunja mabanda matatu kwenye barabara yetu, akaondoka na misumeno ya mota na jenereta. Ndipo mkuu wa polisi wa kaunti, Sherifu Rowdy Clagett, alipotokea kwenye gazeti akiwa amevaa kofia mpya, akawaambia wananchi kwamba yeye yuko mbali, hawezi kuwahi, kila mtu anunue bastola na yeye atawafundisha bure. Kwa hiyo kazi aliyochaguliwa kuifanya akatugawia sisi, mshahara akabaki nao.

Binti yangu Twyla, ambaye ni muuguzi kule Springfield, alisoma gazeti hilo kwenye simu akanipigia. Alisema mimi ni mzee, niko peke yangu, nyonga yangu mbovu. Bunduki ya kuwindia kulungu ya marehemu baba ninayo, lakini akasema ile ni ya mtu anayeweza kukimbia nayo kwenye korido. Akanipa mambo mawili nichague. Ama nihamie kwake, kwenye chumba kilicho kando ya mashine ya kufulia, na nyumba iuzwe. Ama ninunue bastola, nisome darasa la sherifu, nimtumie picha za ushahidi, na Siku ya Shukrani, ile Alhamisi ya Novemba tunapokula batamzinga, angekuja kukagua.

Nyumba hii niliijenga na Loretta. Aproni yake bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Sikuwa na nia ya kwenda kusikiliza mashine ya kufulia mpaka nife.

Basi nikaenda dukani. Muuzaji anaitwa Skeet, mtu wa miaka arobaini mwenye ndevu mpaka kifuani na bastola kiunoni, kana kwamba anategemea kuvamiwa na wateja wake. Akaniuliza najilinda dhidi ya nani. Nikamwambia dhidi ya madiwani. Akacheka, kisha akaniangalia usoni akaacha. Nikamuuliza kwenye kabati lake lote ipi inafaa kwa moyo unaosimama saa nne asubuhi. Hiyo hakuwa nayo. Alikuwa na moja kubwa, nyeusi, nzito kama betri ya trekta, ambayo alisema itamsimamisha dubu. Kwetu dubu wa mwisho nilimsikia nikiwa mdogo, lakini Skeet alisema ni vizuri kuwa tayari.

Nikajaza fomu. Iliuliza kama nimewahi kufungwa na kama mahakama imewahi kusema sina akili timamu. Hakuna mahali palipouliza kama naweza kuitumia. Skeet akapiga simu serikalini kuniulizia, na jibu kwamba mimi ni mtu safi lilirudi baada ya dakika nne. Nilihesabu kwenye saa ya ukutani. Kumbe serikali inajua kupokea simu.

Nyumbani nikaketi mezani kuifanyia mazoezi bila risasi. Bastola za namna ile unavuta kipande cha juu kurudi nyuma kabla haijawa tayari kupiga. Nguvu za vidole vyangu ziliachwa kiwandani, pamoja na mabawa. Nikavuta, nikavuta, nikaibana katikati ya magoti nikavuta tena. Katikati ya shughuli hiyo akaingia Opal, dada mkubwa wa Loretta. Ana miaka sabini na minane, anakaa nusu maili kutoka hapa, na alipikia watoto wa shule kwa miaka arobaini bila hata mmoja kuthubutu kubakiza chakula. Alisimama mlangoni.

"Shemeji, unakamua ng'ombe au unafanya nini?"

"Inagoma."

"Haigomi. Umeuziwa ya mtu mwenye mikono."

Kesho yake akanirudisha dukani kama mtoto aliyepasua dirisha. Alimwamuru Skeet apange bastola nne juu ya kaunta, zote tupu, akaniambia nishike kila moja, nivute, nielekeze sakafuni, nirudie. Sijui kwa nini Skeet hakufikiria hilo. Jozi ya viatu hakuna anayekuuzia bila kukuambia uvae kwanza. Ya nne ikanikubali, ya kizamani, ndogo, yenye kile kigurudumu cha kuwekea risasi. Hakuna cha kuvuta juu, ni kufyatua tu. Skeet alikunja pua akasema hiyo ni bastola ya bibi.

"Bibi ndiye huyu mbele yako," Opal akamwambia. "Ifunge, na ile ya dubu baki nayo."

Njiani kurudi alinipa masharti yake, na kama kuna ushauri wa maana katika habari hii yote basi ni huu wa mpishi wa shule. Nikanunua sanduku la chuma lenye kufuli, nikalikaza kwa boliti ndani ya kabati la nguo. Nikaenda naye kwenye machimbo ya zamani ya mawe, vizibo masikioni, nikapiga makopo mpaka akaridhika, na haridhiki upesi. Alinikataza kabisa kuiweka chini ya mto, kwa sababu mzee aliyeamshwa ghafla na paka hafai kuwa na silaha mkononi. Tulipofika getini akasema la mwisho.

"Na kabla ya sanduku, funga huo mdomo. Asijue mtu kama unayo. Hata mchungaji."

Mdomo nikaufunga. Lakini Twyla alitaka darasa, kwa hiyo Jumamosi nikaenda kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Tulikuwa kumi na sita, kila mmoja na kahawa na donati lake. Sherifu Clagett alisimama mbele akiwa ametanua miguu. Alizungumza muda mrefu kuhusu ujasiri. Habari ya kufunga sanduku aliipitia haraka haraka, akasema mwizi hatakusubiri utafute funguo. Zake mwenyewe, alisema, moja iko kiunoni, nyingine mbili zinakaa ndani ya pikapu, usiku na mchana, tayari. Watu wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima.

Mwisho akafungua boksi. Kila aliyehitimu akapewa cheti, stika ya kubandika kwenye kioo cha gari, na kibao cha njano cha kuchomeka mbele ya nyumba. Kilikuwa na picha ya bastola na maneno makubwa: NYUMBA HII INA BASTOLA. HATUPIGI SIMU YA DHARURA. Chini yake, jina la Clagett, maana uchaguzi ulikuwa unakaribia.

Nilikisoma mara mbili. Hatupigi simu ya dharura. Mimi niliyeipiga nikapiga magoti na simu sikioni dakika hamsini na tatu, leo yule yule aliyesema hawezi kuwahi ananigawia kibao cha kujisifu kwamba simpigii. Nikanyoosha mkono.

"Sherifu, hiki kinamwambia mwizi nini?"

"Kinamwambia aogope, Emmett."

"Na Jumapili, saa nne mpaka saa sita, tukiwa wote hapa kanisani, kinamwambia nini?"

Mtu mmoja akakohoa. Clagett alinitazama kwa huruma, akasema, "Emmett, ongeza kahawa." Wakacheka. Na hao waliocheka, jioni ile ile walikuwa nje na nyundo wakichomeka vibao, wale waliokuja mume na mke viwili, kimoja kwenye geti na kingine barazani. Kwetu mtu hawezi kuwa na kitu akanyamaza. Akinunua boti lazima ilale mbele ya nyumba. Akiwa na bastola lazima aitangaze kwenye kioo cha gari, kwenye kofia na kwenye kikombe cha kahawa, kisha ashangae watu wamejuaje.

Mimi nilichomeka changu kwa muda wa kupiga picha moja. Nikamtumia Twyla, akajibu kwa picha ya kidole gumba. Kisha nikaking'oa. Banda la kuku lilikuwa na tundu ambamo rakuni, mnyama mdogo wa porini mwenye vidole kama vya mtu, alikuwa akipenyeza mkono kuchukua mayai, na kibao kilikuwa kipana vizuri. Nikakipigilia misumari, maandishi yakitazama ndani, upande wa kuku.

Jumapili kabla ya Siku ya Shukrani, kati ya wimbo wa kwanza na baraka ya mwisho, nyumba kumi na moja za bonde letu zilivunjwa. Wezi hawakuhitaji ramani. Palipo na kibao waliingia, pasipo na kibao walipita. Hawakugusa televisheni wala pete. Walichukua bastola, kwenye droo, chini ya mito, juu ya friji, mahali pote ambapo darasa lilisema ziwe tayari. Na wakati Sherifu Clagett alipokuwa mbele ya madhabahu akitusomea neno, nje kwenye maegesho mtu alivunja kioo cha pikapu yake, pale pale kwenye stika, akachukua zake mbili. Alipohojiwa na gazeti alisema tukio hilo linaonyesha wananchi bado hawana silaha za kutosha.

Kwangu hawakusimama. Nililikuta sanduku kama nilivyoliacha.

Lakini Twyla alikuwa na picha ya kibao, na gazeti liliandika nyumba zenye vibao. Alipiga simu akilia. Nikamwambia sikuibiwa, akasema kila mzee husema hivyo. Jumatano akafika na maboksi matupu kumi na mawili nyuma ya gari. Hakuvua hata koti. Akaanza na kabati la vyombo, akifunga sahani za mama yake kwenye magazeti, na mimi nikiwa nimesimama pale kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua. Nikamwonyesha sanduku. Akalitazama, akasema vizuri, akaendelea kufunga sahani. Opal, aliyekuwa amekuja na pai ya maboga, alimwomba akalete mayai bandani, nadhani ili mikono yake ipumzike.

Twyla alikaa huko muda. Aliporudi alikuwa na mayai manne kwenye mfuko wa koti na uso ambao sikuuelewa.

"Baba, kuku ndio wana bastola?"

"Hakuna aliyewaibia."

Akacheka. Akacheka mpaka akashika meza, kisha akaketi sakafuni, pale pale mbele ya jiko. Anajua ni pale mama yake alipoangukia. Kicheko kikakatika.

"Mimi siogopi mwizi, Baba. Naogopa utalala hapa siku tatu na hakuna atakayejua."

Miezi yote ile tulikuwa tumezungumza kuhusu bastola, yeye, mimi, Skeet na serikali nzima, na hakuna aliyelitaja hilo. Nilitaka kusema ni kosa la madiwani, na ni kosa lao, lakini hata nikilisema mara mia halifupishi maili thelathini na moja.

Opal ndiye aliyeweka kisu cha pai chini. Alisema yeye anakaa nusu maili, anaamka saa kumi na moja na hana la kufanya. Kila siku saa moja asubuhi atapiga simu. Nisipopokea atakuja, na ufunguo anao. Kisha akamuuliza Twyla kama kweli kule hospitali wanawafundisha watu kusukuma kifua cha aliyezimia, na kama mikono ya wazee inaweza.

Siku ya Shukrani, kabla ya kuwasha oveni, Twyla alimlaza batamzinga mezani, chali, akatuonyesha mahali pa kuweka kiganja, viwiko vimenyooka, sukuma kwa nguvu, haraka, usiache. Opal alisukuma kama anakanda unga wa mkate wa shule nzima. Mimi niliyetundika batamzinga maisha yangu yote, nikawa namfufua mmoja. Nilipofika msukumo wa sitini jasho lilikuwa linanitoka na aproni ya Loretta nilikuwa nimeivaa, sijui niliichukua saa ngapi. Twyla alihesabu kwa sauti. Baada ya chakula alizifungua sahani moja moja, akazirudisha kabatini, akaondoka Ijumaa na maboksi yake matupu.

Mwezi uliofuata madiwani walipitisha kibao kipya, kikubwa kama mlango wa ghala, kwenye mpaka wa kaunti, kuwaonya wezi kwamba huku kila nyumba ina bastola. Kituo cha gari la wagonjwa kiko vile vile, kimefungwa kwa mnyororo. Clagett alishinda uchaguzi.

Bastola iko sandukuni. Nunua na wewe ukitaka, shika nne kabla ya kuchukua moja, na nyamaza. Simu yangu ya waya iko jikoni ukutani, kimo ambacho mtu anaweza kuivuta akiwa chini. Inalia saa moja kamili.

"Umekufa?" Opal huuliza.

"Bado."

"Basi katoe takataka, gari linapita leo."

Hukata kabla sijajibu.