Mgonjwa Hakukula

Ndoo ya sita Kyakimwa aliibeba mwenyewe hadi mlangoni kwa infirmier Malachie, muuguzi wa zamu, akaifunua. Tangu alfajiri kazi ilikuwa hiyo: mumewe Kahongya anaharisha kwa dawa ya kusafisha utumbo, yeye anabeba, Malachie anachungulia na kutikisa kichwa. Mpaka yatoke maji matupu, ndipo mgonjwa aingizwe kwa daktari. Na saa zilikuwa zinakimbia. Saa sita msafara wa magari ya askari ungeondoka Butembo kwenda Beni, na daktari Salomon angeondoka nao pamoja na mashine yake, mpira mrefu wenye taa wa kuchungulia utumbo. Mashine yenyewe ilikuwa ya kuazima Kampala, na kesho yake ilitakiwa ivuke mpaka. Miezi miwili Kahongya alikuwa akitoa damu chooni, wala hapakuwa na mwingine wa kuwaambia damu ile inatoka wapi.

Malachie aliinama. Safari hii alichukua kijiti, akakoroga, na chembe nyekundu za ulezi zikapanda juu.

"Mama, ulimukulisha nini?"

"Sikumukulisha kitu."

"Na hii?"

"Alikunywa buyi. Jana magaribi na leo asubui."

"Buyi! Si nilikuambia asikule?"

"Na hakukula, munganga. Ulisema asikule, anywe tu, tena anywe mingi. Nani anakulaka buyi?"

Wanawake waliokuwa wakichagua maharagwe kwenye korido, kila mmoja na mgonjwa wake ndani, waliangua kicheko. Kisha mmoja wao akasukuma termosi yake chini ya kanga, polepole.

Kijijini kwao Kyakimwa, Kalunguta, kula ni bukari, yaani ugali. Mtu atakunywa buyi, huo uji, vikombe vitatu, na ukimuuliza kama amekula atajibu kwa moyo safi kwamba bado. Malachie mwenyewe ni mtu wa Lubero, alilijua hilo tangu ananyonya. Lakini jana alisema maneno kama alivyofundishwa, mbio mbio, akaenda zake.

Kyakimwa alizitazama zile chembe za ulezi. Asubuhi alifurahi kumwona mumewe akimaliza kikombe, maana alikuwa akitetemeka kitandani kwa udhaifu. Ni mkono wake ndio uliomnywesha.

"Basi mumupe dawa ingine. Nitabeba hata ndoo kumi."

"Dawa iliisha. Imebakia kifuko moja, na iko ya commandant, chumba ya tatu. Nani ataigusa?"

Daktari Salomon alitoka, akaitazama ndoo, akaitazama saa yake.

"Mama, mu matope siwezi kuona kitu. Nikirudia, tutajaribu."

"Utarudia lini, docteur?"

"Barabara ikituachilia. Labda miezi tatu."

Alisema kwa upole, na upole ule ulimuuma Kyakimwa kuliko tusi. Kitandani Kahongya alikuwa amesikia yote.

"Mama Julie, acha," alimwambia mkewe, macho yamezama. "Damu haikuanza leo."

Ndipo hasira zilipompanda Kyakimwa. Malachie alikuwa amekuja na fiche, karatasi ya kumruhusu mgonjwa atoke, na kalamu ya bic.

"Tia sinyatire hapa, mutoke. Kuko bagonjwa bengine banangojea kitanda."

Fiche iliandikwa kwa Kifaransa, naye Malachie hakutegemea kwamba mwanamke wa shamba ataisoma. Lakini Kyakimwa alikaa miaka mitano shuleni kwa masista. Alisoma kwa kidole: mgonjwa alikula, hakufuata maagizo.

"Futa."

"Ni formalité tu, mama, desturi ya karatasi."

"Kama ni formalité, andika alikunywa. Na uandike nani hakutuambia."

"Mais mama, utanifukuzisha kazi! Bila sinyatire hamutoki."

"Hatutoki, donc."

Aliiweka fiche ukingoni mwa kitanda, akakusanya kitenge chake, akaikalia. Malachie alinyoosha mkono, akaurudisha. Mtoto wa mtu hawezi kuingiza mkono pale alipokaa mama. Nje magari ya msafara yalikuwa yakiwashwa, moja baada ya jingine. Kahongya akaomba maji. Kyakimwa akamnywesha bila kuinuka.